Kylian wa Pasua na Kiliani wa Kibosho

Mke wa mpwa wangu alijifungua mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, na siku niliyokwenda Pasua, hapa Moshi, kumwona nilishuka kwenye bodaboda suruali imejaa matope na mfuko wa ndizi mshare umeloa chepechepe. Ndani kulikuwa na joto la jiko la mkaa na harufu ya mtori. Bibi mzaa baba wa mpwa wangu alikuwa ameteremka kutoka Kibosho kuja kulea mzazi. Shangazi wa mtoto naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, pale ambapo hakuna mgeni anayeingia bila kupita mbele yake.

Nikauliza jina. Mpwa wangu akajiweka sawa kidogo, kama mtu anayetaka kutangaza matokeo ya mtihani, akasema: "Kylian, mjomba." Alilitamka Kailiani.

Hakuna aliyecheka papo hapo. Kucheka kulikuja baadaye, jikoni. Kwanza palikuwa na kimya, kijiko kikigonga bakuli, kisha shangazi akauliza, "Kai-nani?" Akarudiwa. "Maana yake nini?" Kijana akajibu kwamba ni jina tu, la mchezaji wa Ufaransa, yule Mbappé. "Ni jina tu," shangazi akarudia polepole, na nyie mliokulia uchagani mnajua kwamba hapo hakukubali, alikuwa anaweka akiba ya maneno.

Aliyevunja ukimya ni bibi. Alikuwa anamgeuza mtoto begani, wala hakutuangalia. "Kiliani?" akasema. "Si kama yule Kiliani fundi mwashi, jirani yetu kule juu? Mrefu yule. Misa ya kwanza hakosi."

Uso wa mpwa wangu ulivyoshuka! Alitafuta jina ambalo hakuna mtu analo Pasua nzima, akaangukia jina la mwashi wa Kibosho. Nilipofika nyumbani nikathibitisha: Mtakatifu Kiliani alikuwa mmisionari kutoka Ireland aliyeuawa Würzburg, Ujerumani, katika karne ya 7. Na Wafaransa wenyewe hawasemi Kailiani. Wanasema karibu kabisa na vile alivyosema bibi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza lile swali la shangazi. Nimekaa kwenye sebule za wazazi za kutosha, hapa Moshi na kule Arusha, kujua kwamba "maana yake nini" si swali la kamusi. Shangazi hakutaka tafsiri. Angeambiwa kwamba Kylian maana yake ni simba wa alfajiri asingeridhika hata kidogo. Alichokuwa anauliza ni: umelitoa kwa nani?

Kwa utaratibu wa Wachaga walio wengi, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana huwafuata mabibi kwa mpango kama huo. Jina lilikuwa na mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa. Lilikuwa deni, na mtoto ndiye malipo. Kijana anapokuja na jina la kwenye simu, kuna mzee mahali fulani, hai au marehemu, ambaye hakulipwa. Baba yake shangazi, kwa hesabu hiyo, ndiye aliyerukwa siku ile Pasua. Kwa hiyo mtu anaposema jina fulani ni la ajabu, mara nyingi sauti za jina hazimsumbui. Analalamikia ruhusa ambayo haikuombwa.

Hoja hii ya ruhusa ndiyo naishikilia, kwa sababu ile nyingine tunayopenda kuitoa haisimami. Tunasema: majina ya zamani yalikuwa na maana na mizizi, ya siku hizi ni vurugu za intaneti. Tuangalie basi hayo ya zamani.

Chukua familia ya Eli. Panda Machame, zunguka hadi Marangu, shuka Upareni, vuka uende Meru, utawakuta Elibariki, Elisante, Elisikia, Elifuraha, Eliamani, Elinami. Haya tunayaona majina ya wazee, ya heshima, ya watu waliokwisha kuwa wainjilisti na walimu wakuu. Lakini yameundwaje? Eli ni Kiebrania, Mungu wangu, ndilo lile neno la msalabani katika Mathayo. Bariki ni Kiswahili. Mtu fulani, mlimani huku, alichukua neno la Kiebrania kutoka kwenye Biblia ya wamisionari na kulifunga kwenye kitenzi cha Kiswahili. Wengine walilifunga kwenye Kichaga: aika ni asante, wakapata Aikaeli, pembeni ya Aikaruwa lenye Ruwa, Mungu kwa Kichaga, ambaye jina lake ndilo pia la jua. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kabla ya hapo hapakuwa na Elibariki hata mmoja juu ya mlima huu. Wa kwanza alikuwa wa ajabu kuliko Kylian, maana Kylian angalau yupo kwenye televisheni.

Wakatoliki nao walikuja na kalenda yao ya watakatifu. Ndiyo maana mpaka leo ukisikia Polikarpo, Gaudensi, Evaristi au Deogratias, unaanza kufikiria Kilema, Kibosho au Rombo kabla hujamwona mwenyewe. Hebu jiweke mahali pa bibi wa Kichaga wa wakati ule, mjukuu wake karudi kutoka misheni na kuambiwa sasa anaitwa Polikarpo. Nina hakika naye aliuliza maana yake nini.

Halafu ikaja zamu ya Kiingereza, na hapa ndipo watani zetu wa Dar es Salaam wanapotushika. Godlisten. Godbless. Praygod. Goodluck, Gladness, Loveness, Happiness, Witness. Mchaga akijitambulisha tu, watu wanaanza kutabasamu. Mwalimu wa Kiingereza atakwambia Godlisten halijakaa sawa, kitenzi kimekatwa mkia. Ni kweli, kama ungekuwa unasema Kiingereza. Lakini Godlisten si Kiingereza. Ni Elisikia aliyebadilisha koti. Godbless ni Elibariki yule yule. Fremu haikuguswa, Mungu mbele na kitenzi nyuma. Wazazi waliofundishwa shuleni kwamba Kiingereza ndicho chenye mlango wa kazi walibadilisha maneno, wakaacha mjengo wa baba zao. Siku ukiliona hilo huwezi tena kumcheka Godlisten bila kumcheka babu yake.

Mfano ninaoupenda ni wa mtu anayejulikana na kila msomaji. Freeman Aikaeli Mbowe alizaliwa Septemba 1961, miezi michache kabla ya bendera kupandishwa. Jina la baba yake lina Kichaga na Kiebrania ndani yake, la kwake ni la Kiingereza, na sidhani kama mwaka ule ulihitaji kuelezwa maana ya mtu huru. Nani anamcheka leo? Au kule Arusha Mjini, walipomchagua Godbless Lema kuwa mbunge mwaka 2010, kuna aliyesimama kwenye mkutano akauliza jina hilo kalitoa wapi? Jina likishapata mtu wa kulibeba, maswali yanaisha.

Kwa Waarusha na Wamasai, Nashipai ni mwenye furaha. Weka pembeni yake Furaha wa Ngarenaro, Elifuraha wa Usa River na Happiness wa Majengo. Wasichana wanne, jina moja. Lakini ukiwapanga kwenye foleni ya usaili wa kazi nakuhakikishia hawatapokelewa kwa uso mmoja. Nashipai ataulizwa kama ni wa Longido, Elifuraha ataonekana mtu wa kwaya, na Happiness atatabasamiwa. Jina linafika ofisini kabla ya mwenyewe, na linafika na kabila, dini na mfuko wa wazazi. Hapo kwenye mfuko tusipite haraka. Jayden akizaliwa Shanty Town au Njiro anaitwa mtoto wa kisasa. Jayden huyo huyo akizaliwa Unga Limited, mama yake anauza mboga, watu wanasema, "Mama naye, hata kulitamka hawezi." Jina ni lile lile. Kilichochekwa ni ndoo ya mboga.

Kuna wanaoitetea mila kwa kufungua Biblia, nami nawarudisha kwenye Biblia hiyo hiyo, Luka sura ya kwanza. Elisabeti amejifungua, siku ya nane jamaa wamekusanyika, wote wamekubaliana mtoto ni Zakaria kama baba yake. Mama anasema hapana, ni Yohana. Jamaa wanamjibu kile kile shangazi alichotaka kusema: kwenu hakuna mwenye jina hilo. Wanamkata mama katikati, wanamgeukia baba, na baba aliye bubu anaomba kibao na kuandika kwamba jina lake ni Yohana. Jina la ajabu, lililokataliwa na ukoo mzima. Hesabu leo wakina Yohana, Johani, Jovani na Joni kwenye kijiji chako.

Waislamu wa Majengo wana akika siku ya saba, na majina yao mengi yana njia iliyokanyagwa tayari, kwa hiyo mvutano huwa mdogo. Mdogo, lakini upo. Jirani yangu aliyemwita binti yake Aaliyah alisahihishwa na mzee wa msikitini kwamba jina ni Alia, hizo herufi za mapambo aziache kwa Wamarekani.

Si kila kicheko kinatoka kwa wivu wa ukoo, hata hivyo. Yapo majina ambayo yanamwachia mtoto mzigo. Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko, Majuto. Mama alikuwa na mwaka mbaya, akauandika juu ya mtoto. Siku hizi makanisani wapo wachungaji wanaowabadilisha watu majina haya wakiamini jina linamfuata mtu. Mwenye jina akiomba mwenyewe sina ugomvi naye. Ni vigumu kuitwa Mateso ukiwa na miaka kumi na sita na unampenda mtu wa darasa la jirani. Lakini ile imani kwamba jina baya huzaa maisha mabaya inapata taabu ikifika Butiama. Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, aliitwa jina la Kizanaki linalotokana na viwavi, kwa sababu ya viwavi walioivamia nchi alipozaliwa. Mwanawe aliyezaliwa Aprili 1922 akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Viwavi na mvua: hayo ndiyo majina yaliyo kwenye noti na viwanja vyetu, na hatusikii tena wadudu ndani yake. Na wale wanaopenda kutaja methali ya jina jema hung'ara gizani, methali ile inazungumzia sifa ya mtu. Haina habari na Shida wala Kylian.

Ukitaka kuona jina linavyoteswa kweli, usiende sebuleni, nenda dirishani kwa karani. Mkoa wa Arusha una Karatu, na Karatu ina Wairaqw, na Kiiraqw kina sauti ambazo mashine za watu wa pwani hazikuandaliwa kuziandika. Qamara. Hhando. Tluway. Mwaka 2010 nchi nzima ilijifunza kusema Slaa, jina la mgombea urais kutoka huko, na wengi mpaka leo wanasema Silaa, kwa sababu ulimi wa Kiswahili hautaki konsonanti zikae bila kiti. Wameru wana Nnko, jina fupi linaloweza kumsimamisha msajili dakika nzima, kalamu hewani. Wamasai wana Saning'o, na kile kialama cha ng'ombe kikikataliwa na fomu ya kompyuta, anatoka Saningo, mtu mwingine kabisa. Hawa hawakutafuta mambo mapya kwenye simu. Wana majina ya mababu, ambayo kwa hoja ya shangazi ndiyo sahihi kuliko yote, na bado wanatazamwa kama wameleta kioja.

Mwaka 2020 dunia ilicheka mtoto wa Elon Musk alipoitwa X Æ A-12. Jimbo la California halikumhukumu kwa uajabu, lilisema tu kwamba cheti kinapokea herufi 26 za Kiingereza, wazazi wakageuza tarakimu kuwa Xii. Ufaransa wanakwenda mbali zaidi. Mahakama ya Valenciennes ilikataa mtoto kuitwa Nutella, ile siagi ya chokoleti, ikaamua aitwe Ella. Kule New Zealand mwaka 2008 jaji alimweka binti wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili abadilishiwe jina lililokuwa sentensi nzima kuhusu kucheza hula, ngoma ya Hawaii. Kwetu hakuna orodha ya majina yaliyoruhusiwa. Kwetu kuna shangazi.

Na nikiwekwa kwenye mizani, naona shangazi ni bora kuliko jaji, kwa sababu shangazi anazungushwa. Karibu kila nyumba ya Kichaga niliyoifahamu ina njia ya pembeni: mtoto ana jina la cheti na jina la nyumbani. Baba anasema Skyler, bibi anasema Manka, na maisha yanaendelea. Hata huko mjini hatuponi: ukifungua duka Dar es Salaam na lafudhi yako ya Kichaga, wateja watakuita Mangi hata kama umebatizwa Boniface. Umangi wa kutawala ulifutwa na serikali mwaka 1963, wa dukani haujafutwa.

Karatasi ndizo hazina jina la nyumbani, na hapo nina neno zito kwa wazazi vijana kuliko lile la mila. Jina si tu linavyosikika, ni linavyoandikwa na watu watano tofauti wasiojuana. Muuguzi ataandika kwenye kadi ya kliniki. Karani atajaza fomu ya RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa. Mwalimu wa darasa la kwanza ataandika kwenye rejesta alichokisikia kwa mzazi, na mzazi mwenyewe kama anachanganya l na r, Gladness anakuwa Gradness. Baraza la Mitihani litachapa kwenye cheti kile lilicholetewa na shule. Halafu NIDA, wenye vitambulisho vya taifa. Siku binti anaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na ndipo familia inagundua kwamba imekuwa ikilea watu watatu ndani ya mwili mmoja. Nilimsindikiza binti mmoja wa ukoo wetu kwa wakili kuapa kwamba Loveness, Lovenes na Lavines ni yeye. Alikaa kwenye benchi, akaandika majina yote matatu kwenye karatasi, akayatazama kama dada zake wasioelewana. Kiapo kililipiwa. Jina lenyewe lilikuwa bure.

Ukiniuliza jina lipi linanikera mimi binafsi, si Kylian. Ni haya ya kuunganisha: Denisi na Rehema wanapata mtoto, wanakata nusu ya baba na nusu ya mama, mtoto anaitwa Denire. Hilo si jina, ni cheti cha ndoa kinachotembea. Wakiachana, mtoto abaki na nusu ipi? Mke wangu ananiambia hiyo ni chuki yangu tu, na kwamba Elibariki naye ni vipande viwili vilivyoshonwa. Nimekosa jibu, nimebaki na chuki.

Desemba familia ilipanda Kibosho kama kawaida, magari ya Dar yamejaa barabarani, watoto wanashuka na majina yao mapya na mabibi wanayafanyia mazoezi. Mtoto wa Pasua alikuwa ameshaanza kukaa. Baba yake aliendelea na Kailiani, bibi aliendelea na Kiliani, na jirani mmoja mzee alikuja kumwangalia akidhani ni mjukuu wa yule mwashi. Kadi ya kliniki, nimeiona kwa macho, imeandikwa Kilian.

Shangazi sasa amehamia suala jingine. Anasema la kwanza limepita, lakini wa pili ana wenyewe, na wakwe wameshatuma salamu mapema kukumbusha. Babu yao anaitwa Polikarpo.